Mkanda Nyuma ya Kifuniko

Viungo vya gari vimegawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la vile vinavyolalamika kabla ya kufa. Gurudumu huisha kashata zake mbele ya macho ya kila mtu, breki hulia, betri huzubaa asubuhi ya baridi, na ekzosi iliyotoboka huutangazia mtaa mzima msiba wake. Fungu la pili ni la vile vinavyofanya kazi kimya, vikafa kimya, na katika kufa kwao vikaua na vingine. Katika fungu hili sijui kiungo kinachostahili hadhari kuliko mkanda wa taimingi na kifaa kinachoukaza, ambacho mafundi wetu hukiita tenshona.

Nimechagua kuuzungumza mkanda huu kwa kuwa magari mengi tunayoyaendesha katika Kenya ni ya makamo, na mengine ni mazee kabisa. Sheria yetu hairuhusu gari lililotumika ng'ambo kuingizwa nchini likiwa limepita umri wa miaka 8. Likishavuka bandari ya Mombasa, lakini, huanza maisha ya pili ambayo aghalabu huwa marefu kuliko yale ya kwanza. Gari langu mwenyewe ni Subaru Forester la mwaka 2001. Lilifika mwaka 2008 likiwa na umri wa miaka 7, na hata leo hunipeleka shuleni na kunirudisha. Mtu mwenye gari la namna hii hana budi kulijua kama mfugaji ajuavyo ng'ombe wake, maana hawezi kulibadili kila litakapokohoa.

Ndani ya injini ya petroli pistoni huenda na kurudi katika silinda, na mwendo wao hugeuzwa kuwa mzunguko na chuma kilichopindwapindwa kiitwacho krenkishafti. Katika magari mengi pistoni hupanda na kushuka. Katika Subaru zimelazwa ubavu, zikatupiana makonde kama mabondia wawili, lakini kazi ni ile ile. Kwenye kichwa cha kila silinda kuna milango midogo, yaani valvu. Mingine huingiza hewa na mafuta, mingine hutoa moshi. Mtumishi wa kuifungua milango hiyo ni kemishafti. Krenkishafti ikizunguka mara 2, kemishafti sharti izunguke mara 1, wala si zaidi wala si pungufu. Mlango ukifunguka kabla ya wakati au baada ya wakati, injini hukosa nguvu. Ukifunguka wakati pistoni imefika mwisho wa mwendo wake, yamkini vyuma viwili vikagongana. Kinachoziamuru krenkishafti na kemishafti zipatane ni mkanda wa mpira wenye meno upande wa ndani, mwembamba kuliko unene wa kidole.

Msomaji apendaye hesabu na atie haya katika daftari lake. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufunga mara 1,500 katika dakika hiyo, yaani mara 25 kwa nukta moja ya saa. Tena, gari likienda kilometa 60 kwa saa huku injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, basi kila kilometa moja ni mizunguko 2,500. Kwa kilometa 100,000 krenkishafti itakuwa imezunguka mara milioni 250. Katika mizunguko yote hiyo jino moja la mkanda haliruhusiwi kuteleza hata mara moja. Mimi kwa upande wangu sijapata kumwona mtumishi wa serikali wala wa mtu binafsi aliyetumika kwa uaminifu wa kiasi hicho.

Zamani kazi hii ilifanywa na minyororo au meno ya chuma. Kampuni ya Hans Glas ya Ujerumani ndiyo iliyotoa gari la kwanza la kuuzwa kwa wingi lenye mkanda wa mpira wa kuendeshea kemishafti, mwaka 1962. Mpira ulipendwa kwa sababu ni mwepesi, hauna kelele, hauhitaji oili, na bei yake ni ndogo. Hata hivyo mpira huzeeka. Watengenezaji waliutia nyuzi za kioo ndani ili usinyooke, wakayavika meno kitambaa cha nailoni, wakabadili na aina ya mpira wenyewe ili ustahimili joto; umri ukaongezeka, mauti hayakuondoka. Ndiyo sababu baadhi yao waliurudia mnyororo. Toyota Probox ya petroli, ambayo kila Mkenya anaijua kwa kubeba kuliko uwezo wake, ina mnyororo. Na baadhi ya Subaru nazo zina injini za mnyororo. Mwenye gari la namna hiyo anaweza kuisoma insha hii kwa raha ya mtu anayetazama mvua akiwa chini ya paa.

Mkanda ukikatika, matokeo hutegemea injini ni ya kabila gani. Kuna injini ambazo pistoni na valvu hazifikiani hata valvu ikisimama wazi. Corolla nyingi za miaka ya 1990 zenye injini ya 4A-FE ni za jamii hiyo. Hizo huzima tu, zikavutwa mpaka gereji, zikatiwa mkanda mpya na kuendelea na safari. Kuna nyingine ambazo pistoni na valvu hutumia nafasi ile ile kwa zamu. Kemishafti ikisimama ghafla, valvu zilizokuwa wazi hubaki wazi, na pistoni, ambayo bado inakimbia, huzipiga na kuzipinda. Injini ya Forester langu ni ya kabila hili la pili. Kila mwenye gari la mkanda yampasa kujua lake ni la kabila gani kabla ya kujua jambo jingine lolote juu yake.

Sasa nije kwenye tenshona, maana hapo ndipo watu wengi wanapokosa maarifa. Mkanda ulegeapo huruka meno, na ukazwapo kupita kiasi huchosha beringi. Kwa hiyo huwekwa puli laini inayousukuma kwa nguvu ya kadiri. Katika magari mengine nguvu hiyo hutoka kwa springi. Katika mengine, kama langu, hutoka kwa kijisilinda chenye oili ndani yake, kinachosukuma taratibu mkanda unapolegea na kukataa kurudishwa haraka unapovutwa. Kandokando zimo puli nyingine za kuuongoza mkanda, na kila puli ina beringi iliyofungwa pamoja na grisi yake tangu kiwandani. Grisi hiyo haiongezwi. Ikikauka, beringi huanza kuunguruma, kisha huyumba, kisha huvunjika. Katika injini nyingi, hii yangu ikiwamo, mkanda huo huo ndio unaoizungusha pampu ya maji. Pampu ikikwama, mkanda huenda nayo. Kwa maneno mengine, mkanda unaweza kuwa mzima kabisa na bado ukafa kwa ugonjwa wa jirani yake.

Hayo niliyaona kwa macho katika gari la binamu yangu, ambalo lilikuwa la muundo mwingine na la kampuni nyingine. Alilinunua kwa mkopo wa chama cha akiba ili apeleke mayai na mboga Naivasha na Nakuru, na siku hiyo nilikuwa nimeketi kando yake tukiteremka ile njia ya bonde kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, mbele kidogo ya kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942. Hapakuwa na mlio wala moshi. Palikuwa na ukimya. Mshale wa mizunguko ulianguka kwenye sufuri, taa nyekundu zikawaka zote, na usukani ukawa mzito kama gogo. Nyuma yetu lilikuwapo lori la saruji, na upande wa kushoto ni genge.

Breki za magari mengi ya petroli husaidiwa na ombwe linalofanywa na injini. Injini ikizima, hubaki akiba ya mikanyago michache tu; ikiisha, kanyagio huwa gumu kama jiwe. Binamu yangu alilijua hilo, Mungu ampe umri. Hakukanyaga na kuachia, akakanyaga na kuachia, kama wafanyavyo wenye hofu. Alikanyaga mara moja akashikilia, akauvuta usukani kwa mikono miwili, na gari likasimama kwenye nafasi ya wachuuzi wa ngozi za kondoo. Lori lilipita likipiga honi mpaka nikahisi upepo wake usoni. Tulikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Kaka, hata trei moja haijavunjika," akaanza kutetemeka.

Injini ilipofunguliwa nilikuwapo. Fundi mzee wa Limuru, mtu asiyependa maneno, aliutoa mkanda na kuuweka juu ya gunia. Ulikuwa mweusi, na maandishi yake yanasomeka vizuri, lakini ukingo wake mmoja ulikuwa umechanika nyuzinyuzi kama mkeka ulioguguniwa na panya.

"Lakini niliambiwa mkanda ni mpya," binamu yangu alisema. "Nilipewa na stakabadhi."

"Mkanda ni mpya kweli, kijana," fundi alijibu. Akaizungusha puli ya tenshona kwa kidole. Ikatoa mlio wa mchanga, ikayumba huku na huku. "Anayeushika ndiye mzee."

Gereji moja ya mjini ilikuwa imebadili mkanda peke yake ili kumpunguzia mteja gharama. Beringi ya tenshona ilipochoka, puli ilikaa upande, ikaupeleka mkanda pembeni, na pembeni ukajisaga mpaka ukakatika. Valvu 8 zilipinda. Hedi ikapelekwa mashineni, gasketi ikanunuliwa, na gari likakaa wiki tano bila kutoka. Gharama ilifika kama mara sita ya ile ambayo seti kamili ingalimgharimu. Wateja wa Nakuru hawakumngoja, walipata mayai kwingine. Lakini chama kiliendelea kudai fedha zake kila mwisho wa mwezi.

Tangu utotoni tumefundishwa kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta, na walimu, mimi nikiwamo, tumeitumia methali hiyo mpaka imechakaa. Hata hivyo, aliyeitunga alifikiri juu ya ufa unaoonekana na kila apitaye. Mkanda umewekwa nyuma ya kifuniko cha plastiki ili usiingiwe na vumbi na mawe, na kifuniko hicho hicho huuficha kwa mwenyewe. Zaidi ya hayo, mikanda ya siku hizi hufika mwisho wa umri wake ikiwa bado ina sura nzuri. Ukiona nyufa, meno yaliyong'oka au ukingo uliochanika, hiyo ni hukumu. Usipoviona, hilo si hati ya usalama.

Dalili chache zipo kwa mwenye masikio. Limuru hupata baridi kali mwezi wa Julai, na asubuhi kama hizo ni nzuri kwa kusikiliza. Niliwashapo gari husimama mbele ya boneti iliyofunguliwa kwa muda wa kunywa nusu kikombe cha chai. Mgongano mwepesi unaosikika mbele ya injini kisha ukatoweka joto likipanda, yamkini ni tenshona ya oili iliyopoteza nguvu. Mvumo mwembamba unaopanda pamoja na mizunguko huenda ni beringi ya puli. Alama ya maji ya rejeta iliyokauka chini ya pampu, au oili inayotoka kwenye sili za mbele, ni habari mbaya kwa mkanda, kwa kuwa oili huulainisha mpira na kuuharibu. Mara moja kwa mwaka nafungua bolti chache za spana namba 10, naondoa kifuniko cha pembeni, nautazama mkanda kwa tochi. Kazi hiyo hainichukui nusu saa.

Ama juu ya muda wa kuubadili, kitabu cha gari ndicho chenye kauli. Watengenezaji wengi wa Japani wa miaka ile waliandika kilometa 100,000, nao wa magari mengine waliandika pungufu. Kilometa, hata hivyo, ni nusu ya shahada. Mpira huzeeka kwa miaka hata gari likilala, kwa hiyo gari la shangazi liendalo kanisani tu halikusamehewa. Isitoshe, mita ya kilometa huhesabu magurudumu, haihesabu injini. Fikiri juu ya msongamano wa magari wa Nairobi. Injini iliyosimama ikizunguka mara 750 kwa dakika hufanya mizunguko 45,000 kwa saa, ambayo kwa hesabu yetu ya kwanza ni sawa na kilometa 18. Anayesimama saa 2 kila siku kwa siku 250 ameuchosha mkanda kwa kilometa 9,000 ambazo mita haikuziandika hata moja.

Nayo mita yenyewe si shahidi wa kuaminiwa katika gari la mkononi. Wapo wanaoirudisha nyuma. Magari kadhaa kutoka Japani huwa na karatasi ndogo iliyobandikwa ndani ya boneti, yenye maandishi ya Kijapani na hesabu ya kilometa mkanda ulipobadiliwa. Karatasi hiyo ni hazina, isivuliwe na waosha magari. Toyota nyingi za dizeli zina taa ya mkanda iwakayo muda unapofika, lakini taa huweza kuzimwa na mkanda usiguswe. Kwa hiyo shauri langu kwa anunuaye gari la mkanda lisilo na historia ni moja tu: alihesabu kuwa halijabadiliwa, na atie gharama ya seti nzima katika bei kabla hajapeana mkono na muuzaji.

Nasema seti nzima: mkanda, tenshona, puli zote za kuongoza, pampu ya maji, na sili za mbele. Kinachogharimu zaidi ni kufika pale ndani, na mara ukishafika ni hasara kuacha kizee kimoja miongoni mwa vijana. Vifaa hivi vinauzwa kote, na Kirinyaga Road mjini Nairobi, ambako watu bado hukuita Grogan, mtu hukosa asichokitafuta tu. Vya bandia navyo vipo, vikiwa ndani ya maboksi yanayopendeza kuliko ya halali. Mimi huenda na kifaa cha zamani mkononi, nikalinganisha namba, upana na meno, nikazizungusha puli moja moja kwa kidole kabla ya kulipa. Muuzaji akikasirika kwa hilo, nahama duka.

Gari langu lilipofika zamu yake, ilikuwa mwezi wa Januari, nao karo ya binti yangu ilikuwa mlangoni. Karo ililipwa kwanza. Lakini gari nililiegesha nyumbani, nikapanda matatu kwa wiki sita mpaka seti ikatimia. Majirani walidhani nimeliuza.

Kazi yenyewe ilinifundisha kumheshimu fundi mzee zaidi ya nilivyomheshimu kabla. Kijisilinda cha tenshona mpya kilifika na pini yake tayari, lakini alinionyesha kwa ile ya zamani jinsi inavyobanwa: husimamishwa wima katika jiliwa, ikasukumwa polepole kwa muda usiopungua dakika 3. Anayeibana kwa pupa huharibu kilichomo ndani kabla hakijafanya kazi hata siku moja. Tenshona nzima haisukumiki kwa mkono. Ile yangu ya zamani ilirudi ndani nilipoiegemea kwa kiganja. Ingalisubiri mwaka mwingine, sijui ni mteremko gani ungalinikuta.

Kisha kuna alama. Kwenye krenkishafti ya Subaru hii pana mshale ulio wazi, unaomwita kila mgeni, nao siyo alama ya taimingi. Alama ya kweli ni mstari mdogo uliochongwa kwenye ukingo wa nyuma wa puli. "Mshale huu umenipa wateja wengi, Mwalimu," fundi alisema, na hicho ndicho kicheko chake nilichokisikia siku nzima. Mkanda hauvutwi kwa bisibisi, haukunjwi kama kamba, wala haugeuzwi nje ndani, maana nyuzi za kioo hukatika bila kuonyesha jeraha. Akiisha kuchomoa pini, aliizungusha injini kwa spana na mkono wake, mizunguko 2 kamili, akisikiliza kama kuna chuma kinachogusa chuma. Mkono hukataa kwa upole kile ambacho stata ingekivunja. Alama za puli zote zikarudi mahali pake. Ndipo akaniruhusu kuwasha.

Na ikiwa mkanda umekwisha kukatika njiani? Stata huzunguka haraka na kwa wepesi usio wa kawaida, kama gurudumu la baiskeli lililoinuliwa juu. Mlio huo ukisikika, acha ufunguo. Kila jaribio, na hasa kusukumwa na wapita njia wema, huweza kuzidisha idadi ya valvu zilizopinda. Liite gari la kuvuta, ukae mbali na barabara.

Mkanda wangu wa zamani niliuomba kwa fundi nikaupeleka darasani, kwa kuwa una swali zuri la hesabu ndani yake. Siku ya kuufunga, mistari iliyochorwa juu ya mkanda hulingana na alama za puli. Ukizungusha injini mara 2, alama za puli hurudi, lakini mistari ya mkanda haionekani ilipokuwa. Mafundi wageni huingiwa na hofu wakaufungua tena. Niliwauliza wanafunzi wangu ni baada ya mizunguko mingapi mistari yote itakutana tena. Walitambua upesi kwamba lazima kwanza wajue idadi ya meno ya mkanda. Wameyahesabu mara mbili, kundi la madirishani na kundi la mlangoni, wakapata idadi mbili tofauti, na mkanda umekwisha kutiwa alama za chaki kila upande.